Fildi, simu moja na swali la kengele

Ualimu niliujaza kwa sababu ya mkopo. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilizaliwa na wito. Kahama nilikokulia, mtoto akionekana anaiweza fizikia, macho ya ukoo mzima yanageukia migodini. Na mimi nilitaka huko huko: uhandisi wa migodi, buti zenye chuma mbele, kofia ngumu, na lile gari jeupe lenye kibendera kirefu nyuma. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama zilitosha. Hazikumtosha mama, ambaye anauza mchele sokoni na hesabu zake hazina utani. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wakikunyima mkopo huko uhandisi, ada nitaitoa kwenye gunia lipi?"

Mtaani ilikuwa inajulikana kwamba anayesomea ualimu wa sayansi na hisabati Bodi ya Mikopo inampa kipaumbele. Nikajaza fizikia na hisabati, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Mkopo ukatoka. Mama akanishonea sweta, kwa sababu aliambiwa Iringa kuna baridi, na aliyemwambia hakumdanganya.

Hosteli ukiuliza nani alitaka ualimu tangu mdogo, utapata mikono michache, na wenye mikono hiyo watataniwa mpaka semista iishe. Sisi wengine tulifika na ndoto nyingine kwenye begi. Mtaani ndiyo kabisa: ukisema unasomea ualimu watu wanakupa pole, kisha wanakuhadithia kaka wa fulani aliyemaliza ualimu na sasa yuko kijiweni na bodaboda anasubiri ajira. Hadithi hizo si za uongo. Zamani ulikuwa unapangiwa kituo unafunga mzigo. Siku hizi kuna usaili, na foleni yake unaiona mpaka inapopinda kona.

Kilichonigeuza kidogo, na ninasema kidogo kwa makusudi, nilikikuta hapo hapo Mkwawa. Kabla ya kuwa chuo mwaka 2005 palikuwa shule ya sekondari, na kwenye madarasa yake alipita kijana anaitwa Erasto Mpemba. Habari yake nilikuwa naijua juu juu, kama wengi: Mtanzania aliyegundua kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Nilidhani ni hadithi ya mtu mwenye akili za ajabu. Niliposoma vizuri nikakuta ni hadithi ya mtu aliyekataa kunyamazishwa.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba, Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyesubiri yapoe yalikuwa bado ni uji. Akamwuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani. Akaliweka swali lake. Akaja Mkwawa, somo likafika kwenye kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huku akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu darasani wenzake wanasema: hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Alipomaliza kuzungumza akakaribisha maswali. Kijana akasimama na swali lile lile. Darasa likacheka. Osborne hakuamini, ila alikubali kwenda kulijaribu. Fundi wake wa maabara akarudi na jibu kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja kwenye jarida la Physics Education. Na mjadala haujaisha: mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Wengine wanawapinga. Hilo halinisumbui. Watu wenye maabara za mamilioni wanaendelea kubishana juu ya swali la mtoto wa shule ya bweni aliyekuwa anagombania nafasi ya friji.

Nilipokwenda fildi, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, habari hiyo ilikuwa bado ya moto kichwani. Tulipangiwa shule ya kata huko Kilolo, mimi na mwenzangu wa jiografia. Kilolo mwezi wa saba ni mawingu yanayoingia mpaka madarasani na watoto wanaovaa soksi mikononi. Mama aliyetupangisha chumba alitupokea kwa "kamwene", akaangalia viatu vyangu vya wazi, akaingia ndani akatoka na raba za mwanawe bila kusema neno.

Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, na huyo huyo ndiye mtaaluma, yaani msimamizi wa masomo ya shule, na huyo huyo ndiye anayeshika funguo za stoo. Aliponiona akashukuru Mungu kwa sauti. Kwa kawaida mwalimu wa fildi hupewa vidato vya chini; mimi nilikabidhiwa na kidato cha nne, wenye mtihani wa taifa miezi michache mbele. "Mwanangu," akaniambia, "usiogope. Hawa ukiwapa cha kushika wanaelewa. Ukiwapa notisi wanalala."

Cha kushika kilikuwa kidogo. Maabara ilikuwapo kama chumba, yenye meza na masinki ambayo bomba lake halijawahi kutoa maji. Stoo mlikuwa na kompyuta kadhaa za msaada, zimefunikwa viroba, zilizowashwa siku ya makabidhiano zikapigwa picha. Umeme ulikuwapo, nguzo zimefika hadi mlangoni, ila LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya mwezi inasubiri hela ya mwezi ujao. Walimu walikuwa na vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ambavyo baadaye vilipelekwa mashuleni. Nisivionee: mtaaluma alitunza humo mitaala, maazimio ya kazi na vitabu alivyosoma kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kishikwambi cha mwalimu mwingine kilikuwa na ligi ya Uingereza tu.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa teknolojia katika ufundishaji. Tulifundishwa ukumbini, kwa projekta. Kwa hiyo picha tuliyobeba ilikuwa ya projekta. Kuna mwenzetu, kwenye shule nyingine, alimwomba akili mnemba amwandikie andalio la somo. Likatoka zuri, kila safu imejaa, dakika zimepangwa, shughuli za mwalimu na za mwanafunzi zinaoana. Msimamizi kutoka chuo akafika, akakaa nyuma, akalisoma, akafika pameandikwa kwamba wanafunzi watatazama video fupi kisha wajadiliane katika makundi. Akainua macho, akatazama ukuta wa tofali ambazo hazijapigwa lipu, akauliza kwa upole: "Video iko wapi, mwalimu?" Mwenzetu anasema hajawahi kusikia upole unaouma namna ile.

Mimi akili mnemba naitumia, na sitaki kujifanya mtakatifu. Inajua mengi. Haijui kwamba darasa lako lina watoto wanaokaa watatu kwenye dawati la wawili na kitabu kimoja kinazunguka mstari mzima.

Teknolojia iliyonisaidia ilikuwa mfukoni. Sheria ya shule inamkataza mwanafunzi kuwa na simu, lakini simu ya mwalimu ni kifaa kama rula. Kabla ya kuondoka Iringa mjini nilitumia bando la usiku kupakua vitu kwenye intaneti: maigizo ya fizikia ya PhET, yale yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo yanafanya kazi hata simu ikiwa haina mtandao, makala za fizikia za Wikipedia kwa kutumia programu ya Kiwix, na programu moja iitwayo phyphox, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ya bure kabisa. PhET haikunifaa sana. Kioo kimoja cha simu kwa watoto zaidi ya hamsini ni uchokozi. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanagombana. Phyphox ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu haihitaji mtu aitazame. Inapima.

Tulikuwa kwenye mada ya mawimbi. Kitabu kinasema kasi ya sauti hewani ni mita 330 kwa sekunde, watoto wameimeza 330 kama namba ya mtihani. Phyphox ina saa inayoendeshwa na sauti: mlio wa kwanza unaiwasha, mlio wa pili unaizima. Tukachukua simu mbili, yangu na ya yule wa jiografia, tukazilaza kwenye uwanja wa mpira, kati yake mita 5 tulizozipima kwa rula ya ubaoni na kamba ya katani. Kando ya kila simu mwanafunzi mmoja mwenye vipande viwili vya mbao.

Wa kwanza anagonga. Simu iliyo miguuni pake inaanza pale pale. Ile ya mbali inachelewa kuanza, kwa sababu sauti iko njiani. Kisha wa pili anagonga. Simu yake inasimama pale pale, na sasa ile ya kwanza ndiyo inayochelewa kusimama. Ukitoa muda wa simu ya pili katika muda wa simu ya kwanza, kinachobaki ni muda wa sauti kwenda na kurudi, mita 10. Ni kitu kama sekunde 0.029. Hakuna jicho wala kidole cha binadamu kinachoweza kuukamata muda huo kwa saa ya kawaida.

Darasa zima lilibidi libane pumzi. Jogoo wa jirani akawika, simu ikaanza. Tukarudia. Mtu akakohoa, tukapata kasi ya zaidi ya mita 1,000, wakashangilia kana kwamba tumevunja rekodi. Tukarudia tena. Yakaja 333, 357, 345, nyingine 328. Wakataka kujua ipi ndiyo sahihi, na hapo wastani, ambao kwenye hisabati wanauona kama adhabu, ukapata kazi. Kijana mmoja akasimama kimya akitazama namba ubaoni, kisha akauliza: "Madam, kwa hiyo ile 330 ya kwenye kitabu kuna mtu alienda akaipima?"

Nikamwambia ndiyo. Kila namba iliyomo humo, kuna mtu alienda akaipima.

Wakati tunakusanya kamba, binti mmoja anayekaa dirishani, ambaye tangu nifike sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya shikamoo, akabaki nyuma. Darasani lugha ni Kiingereza, na watoto hawa wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Wengi wanachagua kukaa kimya kuliko kuchekwa. Nje ya darasa akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Madam, samahani. Kengele ya shule ya msingi ng'ambo ya mto, asubuhi tukifagia tunaisikia vizuri kabisa. Mchana hata ukitega sikio huisikii. Na ni ile ile."

Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa nondo. Haibadiliki. Anayegonga ni mlinzi yule yule. Nikasimama na kamba mkononi. Katika mihadhara yangu yote ya mawimbi sikuwa nimekutana na swali hilo, na mtihani wa taifa haulijui. Nikamwambia sijui, nipe mpaka Ijumaa.

Usiku nikafungua Kiwix. Kuna habari ya sauti kupinda, kama mwanga unavyopinda ukiingia majini. Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya joto; kila nyuzi moja ya joto inaongeza kasi kwa kama mita 0.6 kwa sekunde. Hewa ya chini ikiwa ya baridi na ya juu ikiwa na joto zaidi, sauti inayopanda hupinda kurudi chini, ikafika mbali ikiwa karibu na ardhi. Mchana ardhi ikipata jua mambo yanageuka: joto liko chini, sauti inapinda kwenda juu, inakupita kichwani.

Kesho yake nikapanda kwenye kichuguu karibu na kanisa, sehemu pekee yenye mtandao wa kueleweka, nikaiuliza na akili mnemba. Ikanipa sababu sita kwa mpigo: joto, upepo, kelele za mchana, unyevu, masikio yetu yanavyozoea, na kwamba huenda mchana anayegonga anagonga taratibu. Zote kwa sauti ya uhakika ule ule. Hapo ndipo niliona mpaka wa kifaa nilichokuwa nimekishika. Sababu ilikuwa nazo zote. Bonde haikuwa nalo. Kuchagua kati ya sita kulihitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwa watu wanaoamka kwenye bonde hilo kila siku.

Ijumaa nikaliweka swali mbele ya darasa. Sikumtaja aliyeuliza, ila wote walijua, kwa sababu aliinamisha kichwa mpaka kwenye daftari. Nikachora bonde ubaoni. Nikaeleza habari ya hewa baridi chini na hewa ya joto juu, kisha nikauliza: sisi hapa tutajuaje kama asubuhi ndivyo ilivyo? Nikauliza kwa Kiingereza, kimya. Nikauliza kwa Kiswahili.

"Moshi," akasema yule binti bila kuinua kichwa.

Nikamwomba aeleze. Akasema asubuhi moshi wa majikoni unapanda mpaka usawa wa misindano, unagoma, unatanda kama shuka juu ya bonde. Mchana haukai, unapanda unapotea. Darasa likachangamka. Mvulana mwingine akasema viazi vya bondeni huungua na baridi, na vya mlimani vinapona, baba yake ndiyo maana alihamisha shamba. Mwingine akasema akishuka mtoni asubuhi miguu inaganda, akianza kupanda kuja shule anavua sweta, na si kwa sababu ya kuchoka tu. Walikuwa wananieleza kitu ambacho vitabu vinakiita kwa jina gumu, na wamekiishi tangu wazaliwe.

Tukataka kupima. Wazo la kwanza lilikuwa phyphox: tupime kasi ya sauti asubuhi na mchana tuone tofauti. Haikufaa. Tofauti ya nyuzi 10 inabadili kasi kwa mita 6 tu, na makosa yetu ya kawaida yalikuwa makubwa kuliko hapo. Tukaongeza umbali kati ya simu, mlio wa mbao ukawa hafifu, simu zikawa zinaanza kwa upepo. Nikawaachia wenyewe waseme kwa nini kifaa hiki hakitoshi kwa swali hili, wakasema vizuri kuliko nilivyoandika kwenye andalio langu.

Ndipo mtaaluma akafungua stoo, akatoa kipimajoto, akaandika kwenye daftari lake la vifaa: kipimajoto 1, kimetoka. Akakikabidhi kwa mwanafunzi anayepita mtoni akija shule, akimwangalia kwa jicho la mtu anayekabidhi ng'ombe. Saa moja asubuhi mtoni ilikuwa nyuzi 7. Shuleni, juu, nyuzi 11. Saa saba mchana mtoni pakawa na joto kuliko shuleni. Hatukuthibitisha kila kitu. Upepo wa mchana nao una mkono wake, na kelele vilevile. Lakini hewa ilikuwa imepangwa kama moshi ulivyosema. Notisi nikaziandika kwa Kiingereza, kwa sababu NECTA itauliza kwa Kiingereza, na mjadala tukaumaliza kwa Kiswahili.

Wiki hiyo hiyo shule ilipata wageni wa kuhamasisha. Walikuwa na spika kubwa na fulana. Wakawaambia watoto wanaweza kuwa chochote wanachotaka, waamini ndoto zao, wasikate tamaa. Watoto wakapiga makofi, wageni wakapiga picha, LUKU ikaishia hapo. Sina ugomvi na wageni. Walikuja kwa nia njema na walileta madaftari. Ila nilikuwa nimewauliza hao hao watoto wanataka kuwa nani, na majibu yalikuwa mwanajeshi, nesi, daktari, polisi, mwalimu. Mtu hutamani alichokiona. Hapo kijijini wenye mshahara ni hao. Kumwambia mtoto awe chochote bila kumwonyesha hicho chochote ni kumpa ramani tupu.

Yule binti alisema nesi. Wiki ya mwisho nikamwuliza tena, nikiwa na matumaini yangu ya siri ya hali ya hewa, au fizikia, au hata uhandisi niliouacha mimi. Akafikiri, akasema nesi. Nikacheka mwenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nataka kumvisha ndoto yangu kama mama alivyonivisha sweta, na sweta la mama angalau lilikuwa la kipimo changu. Awe nesi. Nikilazwa siku moja, nitafurahi kuhudumiwa na mtu anayeona kwamba kitu kile kile asubuhi kiko hivi na mchana kiko vile, na hakubali kulala bila kujua kwa nini.

Kuhusu ndoto yangu, sijaizika. Nilimwambia mtaaluma, tukiwa ofisini tunasahihisha, kwamba bado nikiona gari jeupe lenye kibendera moyo unashtuka. Hakunihubiria. Akanionyesha kwenye kishikwambi picha za miche yake ya parachichi, safu kwa safu. "Mshahara ukitoka, Bodi wanakata asilimia 15 yao mpaka deni liishe," akasema. "Mimi nimeshamaliza, wewe unaanza. Usitegemee chaki peke yake." Kisha akaongeza, akiwa bado anasahihisha, kwamba miche ingeweza kumtosha sasa akaacha kazi, mkewe anamwambia hivyo kila msimu, na kila Januari kidato cha kwanza wakiingia anajikuta ameshachukua vipindi vyao.

Nikamwuliza kwa nini.

"Hao bado wanauliza," akasema.

Niko mwaka wa mwisho sasa. Usaili wa ajira nitaufanya kama wenzangu wote, na maombi ya kusoma uhandisi jioni nitayatuma pia pale nitakapopata pa kuyatuma. Sioni kwa nini moja lisubiri jingine. Andalio la somo akili mnemba inanisaidia kulipanga, ila safu ya vifaa naijaza mwenyewe, baada ya kuingia stoo.

Kwa mnaokwenda fildi mwaka huu na hamjui mtapangiwa wapi: pakueni kila kitu mkiwa bado mjini, maana kule bando linaweza kuwapo na mtandao usiwepo. Beba pawabenki, kamba ndefu, na rula yako. Daftari moja liwe la maswali ambayo hamkuweza kuyajibu, na andikeni jina la aliyeuliza pembeni. Ukitumwa Kilolo, viatu vya kufunika. Na nunua chaki zako mwenyewe, za rangi ukipata. Za shule zinahesabiwa.